Masuke ya Borghild

Ardis Tollefsrud, katibu wa kanisa la Kilutheri la Haugland, Minnesota, alikuwa na fahari moja tu, nayo ni bahasha. Kila vuli, kabla ya karamu ya samaki wa magadi, yule mkavu anayelowekwa kwenye magadi mpaka alainike, aliwaalika wana wa kanisa waliotawanyika mijini kwa bahasha zenye safu ya masuke ya ngano, yamepangana chini kutoka pembe hadi pembe. Masuke hayo aliyachora mama mkwe wake, Borghild, mwaka ule mvua ya mawe ilipolaza mashamba yote. Hapakuwa na ngano ya kuvuna, basi akaichora.

Mwaka huu posta ilitaka barua zinazotumwa nyingi kwa pamoja ziwe na msimbopau, ile mistari mirefu na mifupi ambayo mashine huisoma badala ya anwani. Ardis hakubabaika. Programu ya kuandikia kwenye kompyuta ya kanisa iliweza kuichapa yenyewe. Tatizo ni kwamba iliichapa chini ya anwani, palepale penye ngano. Duane wa posta alipoona sampuli alitikisa kichwa. Mashine ingeyasoma na masuke, ichanganyikiwe, na barua zirudi.

Verlyn Kvamme, mwenyekiti wa baraza la kanisa, hakuficha furaha yake. Alikwisha kununua bahasha nyeupe.

"Si nilikwambia, dada? Hayo majani yako tuyatie kwenye tanuri, tuote moto."

"Ni ngano, Verlyn! Mkulima mzima huijui ngano?"

"Mimi naijua. Mashine ndiyo haijui. Kesho mchana barua zinaondoka. Ukiwa na bahasha inayosomeka, haya. Huna, zinakwenda nyeupe."

Ardis alifika nyumbani akichemka. Borghild alikuwa jikoni anamenya viazi.

"Mama, wanataka kuzichoma bahasha zako."

"Wachome. Nimeona mvua ya mawe, nitamwogopa Verlyn?"

Lakini kisu kilikuwa kimesimama katikati ya kiazi, na bibi alitazama dirishani. Ardis aliona, na moyo ukamuuma.

Asubuhi akaivamia kompyuta. Akaipunguza mistari, akaisogeza, akaisukuma pembeni, wapi! Ikabaki nafasi moja ambayo tangu mwanzo alikuwa akiipita bila kuigusa: mistari juu ya anwani. Aliiona haina adabu. Watu wa Haugland hawapandishi kitu juu ya jina la mtu, kama wasivyokaa benchi la mbele kanisani hata kama yote ya nyuma yamejaa. Leo akasema liwalo na liwe, akachagua. Printa ikakoroma, bahasha ikatoka: mistari juu, jina chini yake, na ngano imetulia mahali pake, halikuguswa hata suke moja.

Posta, Verlyn alikuwa ameshatangulia na maboksi yake meupe. Duane aliweka kipimo chake cha plastiki juu ya bahasha, akainama mpaka pua ikakaribia karatasi.

"Safi," akasema. "Mistari ikikaa juu, mashine haisomi huku chini, hatuna neno. Chora hata ng'ombe ukitaka."

"Umesikia, bwana mwenyekiti?" Ardis akapaza sauti, na waliokuwa kwenye foleni wakageuka. Alikuwa na raha isiyo na kifani, na hakuona sababu ya kuificha. "Nyanyua hayo maboksi yako, utayaotea moto!"

Siku ya karamu watu walipanga mstari mpaka nje, karibu na makaburi. Kijana mmoja mgeni, mjukuu wa watu waliouza shamba lao siku nyingi, alisimama mlangoni ameshika bahasha, akauliza ni nani aliyechora ngano hii.

Borghild, ambaye hakuna aliyewahi kumsikia akijisifu, aliinuka kitini.

"Mimi," akasema, kwa sauti iliyofika mpaka jikoni. "Nimechora mimi."