Barua Yenye Picha ya Basi

Kule kwao Uvira, Véronique alifundisha darasa la kwanza miaka kumi na mmoja, watoto sabini kwenye mabenchi ya arobaini, na aliyepanda darasa la pili alipanda akijua kusoma. Hapa Garland, Amerika, anafunga maboksi ghalani. Alipompeleka shule binti yake Fanny, mwenye miaka saba, mwalimu alimwambia kwa upole, kupitia mkalimani wa simu, asimfundishe kutamka herufi mojamoja, hayo ya zamani. Mtoto aangalie picha, akisie neno, atavipenda vitabu. Véronique akafyata ulimi. Kiingereza chake ni cha kuombea maji. Yeye nani hata abishane na shule ya Amerika?

Basi Fanny akawa msomaji wa nyumba. Barua ikija, mama hata haitoi simu itafsiri; anampa mtoto, anakaa kitako kusikiliza, roho yake kwatu. Mwezi wa pili ikaja moja yenye basi la njano juu. Fanny akaisoma bila kukwama: Ijumaa kuna matembezi. Mama akamkaangia sambusa. Zikarudi kwenye begi zimepoa.

Jumapili iliyofuata akapita Papa Wilondja, mzee wa kanisa lao, akaiokota barua mezani.

"Mama Fanny, hapa hakuna matembezi. Balikuita kikao. Mtoto hajue kusoma, banaweza kumurudisha darasa. Na kikao kilipita tangu Jumatano."

Véronique alifungua kitabu cha Fanny, akafunika picha kwa kiganja. "Soma hapa." Mtoto akatazama kile kiganja, halafu akatazama uso wa mama, akitafuta picha huko.

Kinyaa kilimshika, kinyaa cha kweli kweli. Shule ilimchefua. Lakini alijichefua zaidi mwenyewe, mwalimu mzima, kukaa pale akipigia makofi ubashiri.

Alipokwenda shuleni na Papa Wilondja, mwalimu yuleyule, kwa upole uleule, akaeleza kwamba utafiti unaonyesha mtoto afundishwe sauti za herufi kwanza, kisha aziunganishe. Mwakani watabadilisha. Eti utafiti! Watoto sabini, kipande cha chaki, na leo anakuja kuambiwa ni habari mpya. Papa Wilondja alitafsiri akiangalia sakafu.

Jioni hiyo alipasua boksi, akaandika herufi kubwa kwa kalamu nene. Tangu hapo sauti za Kiingereza akawa anajifunza kwenye simu wakati wa mapumziko ya kazi, akirudi anamfundisha mtoto. Fanny alilia, akagoma, akarudi.

Mwezi wa tano Fanny aliitoa ile barua kwenye droo ya jikoni, akalikunja basi kwa nyuma, akaweka kidole. Alisoma kwa kujikokota, neno baada ya neno, na kila moja lilikuwa lenyewe. Kisha huyu mtoto ambaye siku hizi hujibu kwa Kiingereza akauliza kwa Kiswahili:

"Mama, huyu Fanny mwenye hajue kusoma, ni mimi?"