Stendi ya Pikipiki ya Karisa

Nakumbuka siku moja mavyaa wangu, mama wa mume wangu, alinikaripia kwa ajili ya stendi ya pikipiki, na naikumbuka vizuri kuliko siku ya harusi yangu. Usinicheke, mwanangu. Harusini nilifunikwa kanga uso mzima, sikuona kitu. Siku ile ya karipio niliona kila kitu.

Ilikuwa miaka ile ya themanini, tukikaa Tezo pamoja na mavyaa, daraja la Kilifi halijajengwa bado na watu wanavuka kwa feri. Mume wangu Karisa, Mungu amrehemu, alikuwa mgema. Mikorosho ilipokuwa na mabibo, nyumba nzima ilinukia mabibo na tembo kwa pamoja, na hata leo nikisikia harufu ile moyo wangu hurudi kule. Basi, kulikuwa kumenyesha, mguu wake ukateleza kwenye kidato, akaanguka kutoka juu ya mnazi. Hujafa hujaumbika. Alilala miezi, mimi namlisha, mimi namgeuza, na mguu wa kushoto ulipopona ulikuwa umekuwa mfupi. Mambo ya minazi yakaishia hapo.

Lakini alikuwa na pikipiki, aliyoinunua kwa jasho la kugema. Akasema kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi, atauza madafu kwenye mahoteli ya Watamu. Taabu ni kuwa akiketi juu yake mguu ule haufiki chini, na kila akisimama anaanguka nayo. Tukaipeleka kwa fundi mjini Kilifi. Fundi akaishusha: nyuma akatia springi fupi, na mbele akaiteremsha vile vile. Karisa akaketi, unyayo ukagusa ardhi. Alicheka. Sikuwa nimemsikia akicheka tangu aanguke.

Fundi akajifuta mikono, akasema, "Bado stendi. Pikipiki imeshuka, lakini mguu wake wa kuegemea ni mrefu kama zamani. Haitainama tena upande wa stendi. Itasimama wima, na ikiguswa kidogo itaangukia upande wa pili. Iacheni mpaka kesho niikate."

"Haina haja, fundi," nikasema. "Mimi nipo."

Karisa akainamisha macho kwenye ile stendi. Nami nikaona nimesema neno la mke mwema.

Tangu hapo nikawa napanda nyuma, upande upande na kanga zangu, madafu yananing'inia huku na huku. Tukifika mahali naruka chini, nashika pikipiki, yeye anashuka, anakwenda kuuza. Tukivuka feri kwenda ng'ambo, nimeishika. Tukienda sokoni Malindi, nimeishika, jua la utosini. Na watu wakanisifu, mwanangu, we! Wanawake wa kwenye feri walikuwa wakigusana viwiko: "Huyo ndiye mke. Mwingine angekuwa keshaondoka." Vijana wa dukani pale Tezo wakanipa jina, wakaniita Stendi ya Karisa. Mimi nikacheka, nikaona ni sifa. Karisa hakucheka, na nilidhani ni mguu unamuuma.

Kidogo kidogo akaacha kwenda kwa wenzake. Zamani jioni hakosi mangweni, pale wanaume walipokaa wakinywa na kupiga soga. Sasa atakwendaje? Akienda yeye, nimekwenda mimi. Mwanamume gani atakaa na wenzake atoe maneno yake ya moyoni, na mkewe amesimama nje ameshika pikipiki? Haya nayajua leo. Wakati ule niliona tu kwamba mume wangu amekuwa mtu wa nyumbani, nikashukuru.

Sasa nikueleze ya Junju, ng'ambo ya feri. Dada yake Karisa, Kache, alilelewa huko kwa baba yao mdogo, na wakwe walikuwa wanakuja kuzungumza mahari. Baba yao mzazi alikuwa amekwisha kufa. Kwa hiyo mwenye kusema upande wa msichana ni Karisa, kaka mkubwa. Alipiga pasi shati lake mwenyewe, akalikataa nililolipiga mimi.

Tulifika watu wameshakaa. Uani hapana mti, na kuta za nyumba wanawake walikuwa wamezikandika upya kwa ajili ya wageni, udongo haujakauka, basi huwezi kuegemeza kitu. Nikasimama katikati ya ua nimeishika pikipiki, Karisa akachechemea kwenda kuwapa wazee mkono. Baba mdogo akaniita, "Mama, ingia ndani ukae na wenzako." Nikajibu kwa sauti, wote wanasikia, "Siwezi baba, nikiiacha inaanguka."

Akainuka mzee mmoja upande wa wakwe, mtu wa mvi, mgeni. Akaja kunipokea pikipiki.

Karisa alimtazama mzee yule, kisha akanitazama mimi. Akasema, "Keti, mzee wangu. Tafadhali keti." Akarudi, akapanda, akawasha. Nikapanda nyuma kwa sababu sikujua la kufanya. Tukaondoka, na maneno ya Kache yakasemwa na mwingine.

Nyumbani Karisa alimwambia mama yake yote, kisha akaingia ndani akajifungia. Mavyaa wangu alikuwa barazani anaambua kunde.

"Sidi," akasema, wala hakuinua uso. "Fundi alitaka kuikata hiyo stendi. Wewe ukasemaje?"

"Nilitaka kumsaidia, mama."

"Umemsaidia. Haya, nitajie mahali pamoja alipokwenda peke yake tangu siku ile."

Nikatafuta. Watamu, Malindi, Junju, kote nilikuwapo.

"Mimi nimemzaa," akasema. "Nimemfundisha kutembea, na siku aliponiponyoka mkono nililia, lakini nilimwacha aende. Wewe unamshika mtu mzima. Na najua kwa nini. Mgema akisifiwa tembo hulitia maji, nawe umesifiwa kutoka hapa mpaka Malindi."

Nilikasirika, mwanangu, sitakuficha. Nikasema moyoni, maana mavyaa hajibiwi, huyu bibi anajua nini, alikuwa wapi nilipokuwa nafua mashuka usiku? Hasira ilipopoa nikajua kilichokuwa chini yake. Nilikuwa naogopa. Tangu Karisa aanguke, kazi yangu ilikuwa kuhitajiwa, na sikujua akinyanyuka nitakuwa nani kwake.

Asubuhi nikamwambia, "Twende kwa fundi tukakate stendi."

Akanitazama sana. "Na wewe utafanya nini?"

"Sijui," nikasema. Na ilikuwa kweli.

Kwa fundi Karisa alitaka pikipiki ipakiwe madafu kwanza, maana mzigo unaikalisha chini zaidi, na stendi lazima iufae mzigo. Kisha akauchukua msumeno wa chuma mwenyewe. Akakata kipande chembamba, wakapima. Akakata tena. Ukikata sana pikipiki italala chini, na chuma hakioti. Fundi alipomaliza kuuchomelea tena unyayo wa stendi, Karisa akasema, "Achia, Sidi."

Mikono ilikataa. Akarudia, kwa upole, "Achia, mke wangu." Nikaachia. Pikipiki ikainama kushoto kidogo, ikatulia na madafu yake yote.

Kesho yake alikwenda peke yake, Watamu kwanza, kisha Junju kuwaomba radhi wazee. Nikabaki barazani mikono mitupu. Nililia, tena kwa wivu, wivu wa kipande cha chuma. Mavyaa akanisogezea ungo wa kunde, tukaambua pamoja.

Jumapili Karisa akasimamisha pikipiki mlangoni. "Sidi, panda."

"Kuna mzigo?"

"Hakuna."

"Sasa mimi nikashike nini?"

"Hushiki kitu. Nataka twende Malindi tukatembee, mimi na wewe." Nikaingia ndani kubadilisha kanga, na nilichelewa makusudi ili asinione uso.

Basi sikiliza, wewe unayemuuguza mzazi, au mume, au ndugu aliyeanguka. Wahenga walisema tenda wema nenda zako, na watu hukumbuka kutenda wakasahau kwenda. Ukimsaidia mtu, muulize kilichobaki ili aweze bila wewe, kisha umpe hicho hata kama kitakuuma. Usijifanye nguzo pale penye dawa. Atakayekutaka baada ya hapo, amekutaka wewe.

Nenda, mwanangu. Mungu akupe mikono inayojua kushika na inayojua kuachia, na aliye karibu nawe akuite kwa kukupenda, wala si kwa kukosa la kufanya. Amina.