Miaka Kumi na Mitatu Huku, Kumi na Mmoja Kule

Shida yangu ilianza mwaka 2019, nikiwa na miaka sitini kamili. Za kabla ya hapo siziiti shida. Kuacha shule darasa la tatu, kusukuma baiskeli yenye magunia mawili ya unga kutoka ng'ambo ya mpaka, kulala yadi chini ya lori la watu: hizo zilikuwa kazi, na kazi sijawahi kuiogopa. Shida ni pale unapokuwa umeifanya kazi yote, ukaimaliza, ukanawa mikono, halafu unaambiwa hukuifanya.

Siku ya kustaafu kampuni ya malori ilinipa godoro, saa ya ukutani na soda. Meneja akasimama mbele ya wafanyakazi akasema turubai alilofunga mzee huyu halijawahi kufunguka njiani. Hilo ni kweli. Niliingia yadi ile ya Tunduma nikiwa kuli, nikaishia msimamizi wa kufunga mizigo. Lori likitoka mikononi mwangu lilifika Dar es Salaam kamba zikiwa vilevile. Kusoma nasoma kwa kusukumwa, lakini fundo nalijua. Vijana wakataka kunibebea godoro, nikakataa. Nikaondoka nalo kichwani, watu wanaona.

Nyumbani nilimkuta mke wangu ameketi kitandani, mito mitatu mgongoni. Kulala chali alikuwa hawezi tena, pumzi inakata. Mwaka uliotangulia daktari wa Mbeya alituambia moyo umepanuka: dawa kila siku, kliniki kila mwezi, na hakuna kuacha. Nilipokuwa kazini kadi ya bima ya kampuni ililipa vyote hivyo.

"Na sasa?" akaniuliza.

"Sasa tunatibiwa hadi tufe," nikamwambia. "Ndiyo utaratibu."

Sikumdanganya. Kampuni ilikuwa na utaratibu mzuri, niliusikia kwa masikio yangu kwenye mkutano. Mfanyakazi akistaafu, akaanza kulipwa pensheni ya kila mwezi, kampuni inaendelea kumlipia bima ya afya, yeye na mwenza wake. Sharti lilikuwa moja tu, uwe kwenye orodha ya pensheni. Wiki iliyofuata nikavaa koti, nikaenda ofisi ya mfuko wa pensheni kujiandikisha.

Binti wa dirishani alinisalimia vizuri. Akabonyeza mashine yake, akabonyeza tena.

"Mzee, michango yako ni ya miaka kumi na mitatu. Pensheni ya kila mwezi inataka kumi na mitano."

"Mwanangu, mimi nimefanya kazi miaka ishirini na minne. Kampuni ileile, yadi ileile, geti lilelile."

"Hiyo mingine iko wapi?"

Nilijua iko wapi.

Ngoja nieleze, maana mtu wa mbali hawezi kuelewa. Sisi Wanyamwanga mpaka ulitukuta. Mama yangu alizaliwa upande wa Nakonde, Zambia, baba upande huu. Nilipokuwa kijana mjomba wangu alinishika mkono akanivusha, akanisimamia kwa wakubwa wa kule, nikapata kitambulisho cha kijani cha Zambia kwa jina la ukoo wa mama. Huku nikawa na cha Tanzania kwa jina la baba. Hatukuona dhambi. Mtu ana jembe na ana shoka, kila kimoja na siku yake. Ukienda kuzika kwa wajomba unachukua kile, ukienda kununua mbolea unachukua hiki.

Mwaka 2008 kampuni ilifungua ofisi ng'ambo. Bwana wa utumishi akatuita kundi letu la wafunga mizigo, akasema anayetaka kuandikwa kama mfanyakazi wa Zambia mshahara wake utakuwa mnono zaidi, ila awe na kitambulisho cha kule. Kazi ni hapahapa, wala huhami. Wengi walitazama chini. Mimi nikatoa changu mfukoni palepale kama mtu anayetupa karata ya mwisho mezani.

Rafiki yangu mmoja wa Nanyala, tulianza naye ukuli siku moja, akanivuta pembeni. "Ndugu yangu, utaacha michango yako ya huku inaning'inia."

"Wewe baki," nikamjibu mbele ya watu. "Kuku aliyefungwa kamba mguuni huona kamba ndiyo dunia."

Watu wakacheka. Yeye hakucheka. Tangu siku hiyo yadi nzima walimwita Kuku wa Kamba, na jina hilo nilimpa mimi.

Basi, hesabu ndiyo hiyo. Miaka kumi na mitatu huku, kumi na mmoja kule. Nilivuka nikaenda kuuliza na ofisi ya Zambia. Kijana wa pale alikuwa na adabu, kila neno na "mukwai" yake ya heshima. "Bashikulu," akaniambia, yaani babu, "na sisi pia tunataka kumi na mitano." Ningebaki upande mmoja, wowote ule, ningekuwa mstaafu. Kwa kukaa pande mbili nimekuwa si mstaafu wa popote. Pande zote mbili walikuwa tayari kunirudishia michango kwa mkupuo, kwaheri. Mkupuo haukuingizi kwenye orodha. Na bila orodha, hakuna kadi.

Nilirudi kwa yule binti wa dirishani mara nne. Mara ya nne alinihurumia. Akasema anaweza kupeleka maombi kwa wakubwa wake miaka iunganishwe, haahidi kitu, lakini lazima kwanza nile kiapo kwamba yule mtu wa Zambia na mimi ni mtu mmoja. "Maana kwangu hapa, mzee, ni watu wawili."

Nikaona mlango. Nikaenda kwa wakili karibu na soko, akaichapa karatasi, kisha akaizuia kwa kiganja.

"Mzee, nikusomee kwa Kiswahili cha nyumbani. Ukisaini hapa unasema mambo mawili. La kwanza, umefanya kazi miaka yote hiyo. La pili, umekuwa raia wa nchi mbili, na sheria yetu haitaki. Huwezi kusaini la kwanza ukaliacha la pili."

"Mimi mzee, watanifanya nini?"

"Wewe labda wasikufanye kitu. Una watoto serikalini?"

Ninaye mmoja. Binti yetu wa mwisho ni mwalimu wa shule ya serikali huko Msangano. Wakati ule alikuwa na miaka miwili tu kazini. Ndiye pekee katika ukoo wetu, huku na kule, aliyeshika chaki. Wakianza kuuliza baba ni wa nchi gani, watauliza na mtoto.

Nikaichukua karatasi bila kusaini. Nilipofika nyumbani nilikuwa nimeshaamua: nitasaini, liwalo na liwe. Binti atajitetea, ana elimu. Mama yake hana pumzi.

Mke wangu akaniona usoni. "Baba watoto, umesaini?"

"Bado. Kesho."

"Hebu nione."

Nikampa, nikamweleza na maneno yote ya wakili. Hajui kusoma hata kidogo, lakini aliishika muda mrefu kama anayeisoma. Kisha akainua kiuno kwa taabu, akaiweka chini yake, akaikalia.

"Njoo uichukue," akasema.

"Mama, usifanye utani. Utakufa."

"Kwani wewe utabaki?"

"Ni mtoto wako, lakini ni maisha yako pia."

"Maisha yangu nimeshayala. Yake yako jikoni." Akapumzika apate pumzi. "Wewe ulitoa kitambulisho mbele ya watu kwa kujionyesha. Mwanangu asilipe maonyesho yako."

Sijawahi kupigwa na mwanamke, lakini siku ile nilipigwa. Nikakaa chini sakafuni. Hakuna aliyenidanganya. Kampuni ilisema kweli, mifuko yote miwili ilisema kweli, rafiki yangu alisema kweli kabla ya wote. Nilifunga mizigo ya watu miaka ishirini na minne, wangu nikauacha wazi juu.

Hatukusaini. Nilichukua mkupuo wa huku, nikavuka nikachukua na wa kule, yote miwili ikaenda kliniki Mbeya. Ikaisha. Nikauza shamba la njia ya Chitete, nalo likaliwa na vidonge. Sasa kliniki tunaenda tukiweza, na mara nyingi hatuwezi. Miguu yake inavimba, ukibonyeza kidole kinaacha shimo. Vidonge tunavikata nusu kwa wembe.

Binti yetu hajui. Anadhani baba yake hakujaza fomu kwa uzembe, na ananisema. Namwacha aseme.

Rafiki yangu wa Nanyala alikuja mwezi uliopita, na mkungu wa ndizi na kahawa ya shambani kwake. Ana kadi. Mkewe ametibiwa macho mawili kwa kadi hiyo.

"Karibu, Kuku wa Kamba," mke wangu akamwambia kutoka kwenye mito, tukacheka wote watatu mpaka mke wangu akakohoa.

Wakati wa kumsindikiza nikamwambia, "Ulikuwa na akili kuliko mimi."

"Hapana," akasema. "Sikuwa na mjomba kule. Ningekuwa naye, ningetoa changu kabla yako."

Leo nina vitu vifuatavyo. Nyumba ya vyumba vitatu, mabati yameshika kutu. Robo ekari ya mahindi nyuma ya nyumba. Baiskeli moja. Kamba ya manila, mita thelathini, nzima. Saa ya ukutani, inatembea. Godoro la kampuni, mke wangu analikalia. Vitambulisho viwili, sura moja. Kiapo cha wakili, hakina saini, bado kiko chini ya godoro upande wake. Dawa za siku tisa, tukizikata nusu.