Tamthilia ya Kumpokelea Mama Mkwe

Katika miaka hiyo ya tisini, televisheni nje ya mji wa Homa Bay ilitegemea mambo matatu: betri ya gari, mlingoti wa mkaratusi wa kuinulia antena, na uvumilivu wa mwenye nyumba. Betri ilichajiwa sokoni Rodi Kopany, ikarudishwa nyumbani kwa baiskeli, nayo ilimudu kipindi kimoja na nusu kabla picha haijaanza kusinyaa kutoka pembeni. Kwa hiyo mtu hakuwasha tu akatazama, ilimbidi achague. Na wasiojaliwa kipawa cha kuchagua hawakukosekana.

Rafiki yangu, mwalimu wa jiografia, alikuwa mmoja wao. Mimi nilifundisha Kiswahili Migori. Yeye alikuwa na nyumba kando ya barabara ya Rodi. Mimi ni Mkuria, yeye Mjaluo, hivyo tulizungumza Kiswahili, chake kikiwa na majeraha ambayo sikuzoea kuyatazama. Tangu anunue televisheni, alikuwa akimjibu mkewe pale tu matangazo ya biashara yanapoingia. Mkewe alivumilia msimu mmoja wa mahindi, kisha akarudi kwa mamaye Kendu Bay. Sasa mama huyo alikuwa ametuma habari kwamba angekuja Jumapili alasiri, pamoja na dada yake, aione nyumba hiyo kwa macho yake. Akiridhika kwamba ina heshima, binti angerudi. Asiporidhika, basi.

Mtu mwingine angefikiria kuku. Rafiki yangu alifikiria kipindi, akaja Migori kuniuliza.

“Omera,” alisema, kwa neno ambalo kwao humwitia ndugu, “nipe kitu mzuri ya kutazama. Mama mkwe akikaa pale aone hii nyumba iko na raha.”

Nilimpitishia vilivyokuwapo. Kulikuwa na mieleka: wanaume wanene wenye chupi wakitupana chini, tamasha ambalo mafahali wetu hulifanya kwa staha zaidi. Kulikuwa na mpelelezi wa Ulaya aliyefungua mdomo kwanza, sauti ikamfikia baadaye. Kulikuwa na tamthilia ya Meksiko, ambamo msichana alikuwa kipofu Jumatatu na mjamzito Ijumaa, na hakuna mtu aliyeonekana akilima. Mwisho kulikuwa na vichekesho vya Kiswahili, ambavyo utani wake ulikuwa mkongwe kuliko stesheni yenyewe, lakini vilikuwa na sifa moja isiyo ndogo: hakuna aliyemgusa mwenzake. Nilimpendekezea vichekesho hivyo.

“Hiyo?” alicheka. “Mzee ya kitambi anachapwa na mwiko? Hiyo ni ya watoto. Mama mkwe anapenda kulia, omera. Nitampa ile ya Meksiko. Jumapili wanarudia ya wiki nzima.”

“Humo wanabusiana.”

“Walibusiana wiki iliyopita. Sasa msichana amelazwa hospitali. Mgonjwa atabusu nani?”

“Daktari,” nikasema.

“Mwalimu, wewe utakufa na mashairi yako.”

Kwao, kama kwetu, mkwe na mama mkwe hawakaribiani. Hawashikani mikono, hawali mezani pamoja, na yenye uzito husemwa kupitia mtu wa tatu. Mtu huyo wa tatu, Jumapili ile, nilikuwa mimi. Ili kumtukuza mgeni, rafiki yangu alikuwa ameweka kiti chake bora kabisa ubavuni mwa televisheni, kiasi kwamba mama angeweza kuigusa. Yeye mwenyewe aliketi mlangoni, uso ukielekea ukutani nusu, kama ada inavyotaka. Hapo ndipo fikra zake zilipokomea.

Wageni walipokwisha kuketi, tamthilia ilianza, na kwenye skrini muuguzi alitoka chumbani. Daktari alibaki. Kisha daktari alimwinamia mgonjwa.

Rafiki yangu aliruka. Lakini ili azime, ilimpasa apite kati ya magoti ya mama mkwe na ile mashine, jambo ambalo mkwe hafanyi. Akasimama katikati ya sebule, mkono umenyooshwa, kama mtu anayesimamisha basi lililokwisha kupita. Na betri ile, ambayo haikuwahi kutimiza wajibu wake hata siku moja, siku hiyo ilisimama imara. Mama alijifunika leso usoni. Dada yake hakujifunika.

“Huyu daktari hana wagonjwa wengine?” aliuliza.

Mimi ndiye niliyezima. Mkuria hakuwa na mama mkwe katika nyumba ile.

“Mwambie mwenye nyumba,” mama alisema kutoka ndani ya leso, kwa Kiswahili cha soko alikouzia omena, wale dagaa wa ziwani, “nilikuja kuona kama mtoto wangu atapata mtu wa kuongea naye hapa. Nimeona ni nani anaongea.”

“Mama, chai iko tayari,” nikasema.

“Mpe daktari.”

Waliondoka bila kuonja kitu. Rafiki yangu alinilaumu kwamba sikumsisitizia vya kutosha, kana kwamba ushauri ni msumari.

Wiki iliyofuata habari ilitoka Kendu Bay: binti angerudi siku kitu kile kitakapoondoka. Rafiki yangu alikubali, akaomba tu aachiwe kwanza tamthilia ifike mwisho. Haikufika mwisho mwaka ule, wala mkewe hakurudi.