Viazi Nilivyomkataza Mama

Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi huko Matinyani, na walimu tuna ugonjwa wetu: hatuwezi kuona ubao mtupu bila kuandika kitu. Daktari alipomwambia mama yangu kwamba ana kisukari, mimi ndiye niliyekuwa nimeketi naye, na mimi ndiye niliyekuwa na kalamu. Foleni ilikuwa imefika nje ya mlango. Daktari alisema mama ameze dawa, apunguze sukari, aachane na vitu vitamu. Nikauliza kuhusu matunda. Akasema matunda ni sawa, kidogo kidogo, kisha akamwita mgonjwa mwingine.

Maneno hayo machache niliyabeba hadi nyumbani kwetu Matiliku, nikayageuza kuwa sheria.

Mama alikuwa mkulima. Kando ya mtaro wa maji ya mvua alikuwa na kipande chake cha viazi vitamu, makwasi kama tunavyoviita sisi Wakamba, vile ambavyo ndani vina rangi ya kiini cha yai. Alivichemsha na maganda yake, akala kimoja asubuhi kwa chai ya rangi, na siku nyingine kimoja mchana pamoja na kunde. Ndivyo alivyokula tangu nimjue, na ndivyo alivyotulea. Sitaki kudanganya hapa: nikiwa msichana niliona haya kufungua mkebe wangu shuleni mbele ya wenzangu waliobeba mkate. Haya ile haikuniisha hata nilipoanza kupokea mshahara. Ilikuwa imejikalia tu, ikingoja sababu ya maana.

Nilinunua karatasi ya manila, nikachora mstari katikati, nikaibandika kwenye ukuta wa jikoni. Upande mmoja niliandika KIAZI na chini yake: wanga, utamu, hunenepesha. Upande wa pili niliandika JUISI, na chini yake: tunda halisi, vitamini, haijaongezwa sukari. Hayo ya juisi niliyanakili kutoka kwenye pakiti yenyewe, neno kwa neno. Ni kama kumuuliza anayeuza ng'ombe iwapo ng'ombe wake ana maziwa, halafu kumwamini na kuondoka na kamba mkononi.

Mama hakujua kusoma. Alisimama mbele ya ile karatasi kwa heshima, mikono nyuma, akanisikiliza nikimfundisha. Kwa desturi yetu nilipewa jina la mama yake mzazi, kwa hiyo maisha yangu yote ameniita mwaitu, yaani mama, nami nikamwita hivyo hivyo.

"Mwaitu," akauliza, "hata kimoja kidogo?"

"Hata nusu," nikamwambia. "Unataka kufa?"

Wiki iliyofuata nilimlipa jirani ang'oe kile kipande chote. Majani walipewa mbuzi, viazi vikagawiwa watu. Mama alikaa kwenye kigoda akitazama. Nami nilijisifu moyoni kwamba mama yangu ni mtu anayejua kutii. Pumbavu mimi.

Juisi ya embe nilikuwa naagiza kwa katoni kutoka duka la jumla pale Emali. Mwenye duka alikuwa mzee Mwislamu kutoka kaskazini mashariki, mtaratibu, ndevu zake zimetiwa hina. Siku moja nilipita mwenyewe kulipa, akaniuliza hii yote ni ya nani.

"Ya mama yangu. Ana sukari, soda alishaacha."

Akaweka kalamu chini. "Mwalimu, mimi pia niko na sukari. Hii sigusi. Nikitaka chungwa, nakula chungwa yenyewe."

"Soma pakiti, mzee. Imeandikwa hakuna sukari imeongezwa."

"Sawa, hawajaongeza. Na ile ya embe yenyewe, imeenda wapi?"

Nilicheka. Kweli nilicheka, mbele ya wateja wake, nikamwambia auze bidhaa aniachie mimi mambo ya afya. Akapanga katoni zangu. Mtu mzima alinionya bure, tena akijipunguzia biashara, nami nikamwona ni mtu wa duka tu.

Halafu kulikuwa na wageni. Kwetu huwezi kumtembelea mgonjwa mikono mitupu, na siku hizi mkono usio mtupu ni wenye pakiti ya juisi. Kumpelekea mgonjwa viazi ni kumtukana. Akina mama wa kanisa walikuja Alhamisi baada ya Alhamisi, wakaimba, wakaomba, wakafungua pakiti, na mama akanywa bilauri nzima wakimtazama, maana kukataa ni kuwaaibisha. Mgeni njoo mwenyeji apone, husema watu. Yeye kila wakiondoka alikuwa na kiu zaidi, akaomba nyingine, nikamwongezea, nikifurahi kwamba amepata hamu.

Ndipo akachomwa na mwiba kwenye kisigino. Kitu kidogo, kinachompata kila mtu anayeishi Ukambani. Kidonda kikakataa kupona, kikabadilika rangi, kikaanza kunuka. Tulipofika hospitali walitutazama kwa namna ambayo sijaisahau, na siku ya tatu wakamkata mguu chini ya goti.

Baada ya upasuaji, msichana wa lishe aliniita kwenye kachumba kake. Umri wake ni ule wa wanafunzi wangu wa zamani. Aliniuliza mama amekuwa akila nini, nikamweleza, kwa sauti ya mtu aliyefanya kazi yake vizuri. Alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akachukua bilauri tupu na kopo la sukari, akaanza kuchota. Kijiko baada ya kijiko. Aliendelea hadi nikamwambia inatosha.

"Hiyo ndiyo iko kwa glasi moja ya ile juisi, madam," akasema. "Ni ya matunda, ndiyo, na vitamini C iko. Lakini ukikula embe, unakula na nyuzi zake, sukari inaenda polepole. Kwa juisi nyuzi zimeachwa huko nyuma. Sukari inaingia kwa damu mbio."

"Na kiazi kitamu?" Niliogopa hata kuuliza.

"Kiazi ni wanga, lazima upime. Lakini kimoja cha kutoshea mkononi, kimechemshwa na maganda, akule na kunde? Hicho ni chakula kizuri sana. Kile cha njano kiko na vitamini A mpaka ya macho. Hakuna mtu alikuwa amkataze." Akainua kichwa kutoka kwenye faili. "Ni nani alimkataza?"

"Sijui," nikasema.

Alinieleza pia kwamba kidonda kama kile kina sababu nyingi, kwamba sukari ilikuwa mwilini kitambo kabla haijajulikana, na kwamba kuna miezi dawa ziliisha zahanati na mama hakusema. Ni kweli yote. Nimejaribu kujifunika kwa ukweli huo kama mtu anayevuta shuka fupi, na kila nikivuta, miguu inabaki nje.

Nilirudi wodini nikiwa nimeamua kumwambia. Nilikuwa nimeyapanga maneno njiani, kama ninavyopanga somo. Mama alikuwa macho. Alipapasa kitanda pale ambapo blanketi lilikuwa limelala sawa, akaniambia niketi.

"Mwaitu, niko na neno. Nimelificha nalo linanikula."

"Sema."

"Mvua iliponyesha, kuna kiazi kimoja kilikuwa kimebaki mtaroni, kikamea. Nilikichimba. Nikakichoma kwa jivu wakati hakuna mtu, nikakula chote, na maganda." Machozi yalimtoka, mwanamke niliyemwona akizika mume bila kulia mbele yetu. "Ulikuwa umenikataza. Ulinifundisha vizuri nami nikakuibia. Ona sasa kimechukua mguu. Nisamehe, mwaitu."

Nafasi ilikuwa hiyo. Nilikuwa na maneno yote, yamepangwa. Lakini wodi ilikuwa imejaa watu, na kwenye kitanda cha jirani walikuwepo akina mama wawili wa kanisa, waliokuwa wakiniita mwalimu tangu asubuhi, nao walikuwa wamenyamaza ili wasikie nitakavyojibu.

"Nimekusamehe," nikamwambia.

Akanishukuru mara mbili, akaushika mkono wangu, akalala.