Mgongo Uliotangaza Misiba

Nikiukumbuka ujana wangu, mwanangu, kuna siku moja hunijia kabla ya zote, nami sipendi kuisimulia. Leo nitaisimulia kwa sababu nimekuona umeshika kiuno.

Nilikuwa kijana wa kubeba magunia ya kahawa hapa Itaka, mwenye nguvu na majivuno tele. Mgongo ukaanza kunikamata. Unauma siku tatu, unaachia, unarudi. Ulipokamata mara ya kwanza, jirani yetu akafa. Mara ya pili akafa mzee wa kanisa. Mara ya tatu, mtoto. Watu wakaanza kunitazama. Nikipita nimejikunja, mmoja wa kina mama ananiuliza taratibu ni upande gani unaouma, maana walishakubaliana kwamba ukiuma kulia atakufa mwanamume, kushoto mwanamke. Nami nilikuwa najibu. Nilipenda, sikufichi. Sikuwa hata na mche wangu mmoja wa kahawa, lakini wazee walinipisha kiti.

Shangazi yangu, dada wa baba, hakuwa mtu wa kubembeleza. Aliniambia niende hospitali, kwa kuwa watu hufa kila mwezi na mgongo wangu unauma kila mwezi, sasa ajabu iko wapi. Nikaona ananionea wivu tu.

Kisha mama akaugua homa. Alipewa dawa, na siku ya nne akaanza kunywa uji mwenyewe. Asubuhi hiyo niliinama kuchukua ndoo karibu na kitanda chake, mgongo ukakaza, upande wa kushoto. Nilijizuia nisigune. Nilipoinua macho, mama alikuwa anautazama mkono wangu ulioshika kiuno, upande wa kushoto. Akaweka kikombe chini.

"Kumbe ni mimi," akasema.

Nikamwapia kwamba ni magunia tu. Aligeukia ukutani, na tangu hapo hakumeza dawa wala uji, hata shangazi alipomsihi huku analia. Siku ya tatu tulimzika. Watu walinipa pole kwa heshima kubwa, wakinong'ona kwamba mgongo ule haujawahi kukosea.

Ndipo nikaenda hospitali. Walinipima, wakanifundisha mazoezi ya kulala chali, na namna ya kuinua mzigo nikiwa nimekunja magoti. Baada ya miezi kadhaa maumivu yakapungua. Watu waliendelea kufa vilevile. Mpaka leo, mwanangu, wapo wanaokuja kuniuliza mgongo unaendeleaje, na hawaulizii afya yangu. Mimi huwajibu kwamba hauumi, hata siku unapouma.

Sasa nisikilize. Maumivu yakikurudia mara ya pili, nenda ukatibiwe, na mazoezi utakayopewa yafanye hata ukipata nafuu. Usiyaache maumivu yakupe cheo, wala usimruhusu mtu ayasome kama barua. Mimi nilichelewa kwa kupenda sifa, na kuchelewa kwangu kulimuua mama.

Mungu akuponye mapema, na mama yako aishi miaka mingi bila kukuogopa.