Mtungi wa Vibomba Vinne

Bibi Mmarekani ninayemtunza huko Plano alinizawadia mtungi wa kale wa kioo, wenye vibomba vinne vya shaba. Nilishukuru hadi machozi. Jumapili nikaupeleka kanisani kwetu Carrollton, pamoja na bibi mwenyewe, nikaujaza maji baridi, na mchungaji akawa wa kwanza kunywa. Kwa kujisifu sina mpinzani: nikatangaza kwamba umetoka nyumba ya wacha Mungu, kisha nikamsimamisha bibi atoe ushuhuda, mimi nikimtafsiria.

“Marehemu mume wangu,” nikatafsiri kwa sauti ya juu, “aliutumia kudondoshea maji kwenye absinthi yake, pombe... kali... ya kijani.”

Mchungaji akaitazama glasi yake. Bibi akafuta machozi, akaendelea, nami ningefanyaje? Nikatafsiri.

“Nilimwombea miaka mingi aingie kanisani. Asante, binti yangu. Angalau mtungi wake umefika.”